Tomaso, Kulwa na Doto: Jina la Pacha kutoka Kiaramu hadi Usukuma



Mwezi Julai, wakati wa likizo, tulitumwa mafrateri wawili kwenye kigango kimoja mkoani Geita, katika eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kazi yetu ilikuwa kumsaidia katekista kuandaa ubatizo wa watoto. Kati ya kina mama waliokuja kuandikisha alikuwepo mmoja, Msukuma kutoka upande wa Shinyanga, amembeba mgongoni mtoto wa kiume wa miezi minne. Katekista akamuuliza jina la mtoto. Akajibu, "Kulwa." Katekista akauliza kwa upole, "Na Doto yuko wapi, mama?" Yule mama akasema Doto alifariki siku ya tatu.

Kwa msomaji asiye wa kanda yetu tueleze kidogo. Usukumani na Unyamwezini mapacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto, wawe wa kiume au wa kike. Mtoto anayezaliwa baada yao anaitwa Shija. Ukimsikia mtu anaitwa Kulwa, umekwisha kujua kwamba yupo au alikuwepo Doto, ndiyo maana swali la katekista lilitoka bila hata kufikiri. Mwambao nao wanayo majina hayo, kwa matamshi ya Kurwa na Doto. Muhammad Saleh Farsy wa Zanzibar aliyatumia kuwa jina la riwaya yake iliyotoka mwaka 1960. Na Watanzania wengi waliyasikia redioni mwaka 2023, Doto Biteko, mbunge wa Bukombe huko huko Geita, alipoteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu.

Turudi kigangoni. Katekista alifungua kalenda ya Kanisa. Ubatizo ulipangwa kufanyika mwishoni mwa mwezi, karibu na tarehe 31 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola. Akasema, "Basi mtoto ataitwa Ignasi. Hilo la Kulwa tuliache, ni la mila, halafu linakukumbusha msiba." Mama akanyamaza. Kisha akasema maneno ambayo tumeyabeba mpaka darasani: "Mwalimu, nikimwita Ignasi peke yake, nani atajua kwamba walikuwa wawili?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Jina lenye maana moja mara mbili

Wa kwanza kumkumbuka Mtume Tomaso alikuwa mwenzetu, kwa sababu sikukuu yake, tarehe 3 Julai, ilikuwa imepita siku chache tu. Katika Injili ya Yohane mtume huyu anatajwa mara tatu pamoja na maelezo ya jina lake (Yn 11:16, 20:24, 21:2). Tafsiri zetu za Kiswahili zinasema kwamba aliitwa Pacha. Neno lililotafsiriwa hapo ni la Kigiriki, Didymos, ambalo maana yake ni pacha. Mwinjili aliliweka kwa sababu wasomaji wake wa Kigiriki wasingeelewa neno Tomaso. Na Tomaso lenyewe ni nini? Ni neno la Kiaramu, teoma, yaani pacha.

Kwa hiyo aya hizo tunazozisoma kila mwaka zinasema, kwa maana, "Pacha aitwaye Pacha". Injili nyingine tatu zinamtaja Tomaso katika orodha ya wale Kumi na Wawili tu, bila kueleza chochote. Yohane peke yake ndiye aliyejali kwamba jina hilo lina maana na kwamba maana hiyo isipotee lugha inapobadilika.

Ndugu zake neno hili tunawakuta pia katika Agano la Kale. Kiebrania kinasema teomim kwa mapacha: Esau na Yakobo katika tumbo la Rebeka (Mwa 25:24), Peresi na Zera katika tumbo la Tamari (Mwa 38:27). Kiarabu nacho kina tawam. Mzizi ni mmoja.

Waaramu hawakuwa peke yao katika kulitunza neno la zamani. Kiswahili tunasema mapacha. Kisukuma kinasema mabasa. Ukivuka ziwa Tanganyika na kwenda magharibi, Kilingala kinasema mapasa. Ukishuka kusini, Kichewa nacho kinasema mapasa. Hahitajiki mtaalamu wa lugha kusikia kwamba hawa ni ndugu. Baba zetu walipotawanyika kutoka huko walikotoka, walitembea na jembe, na moto, na neno la kuwaitia watoto wanaokuja wawili.

Tofauti iko hapa: Kiaramu kiliwapa watu jina kutokana na neno lenyewe la pacha. Sisi tunalo neno la pacha, lakini jina la mtu ni jingine, tena ni mawili, moja la anayetangulia na moja la anayefuata. Tomaso anajulikana kuwa ni pacha; Kulwa anajulikana kuwa ni pacha, na pia kwamba ndiye aliyetangulia. Kwa kipimo hicho Kisukuma kinaeleza zaidi kuliko Kiaramu, ingawa tunakiri kwamba tuna upendeleo.

Opiyo na Odongo

Mambo yaliongezeka ugumu baba wa mtoto alipokuja jioni kutoka kwenye duara, nguo zote zimejaa vumbi la mawe. Yeye ni Mjaluo wa Rorya, mkoani Mara. Tulipomweleza mjadala alicheka kidogo, akasema, "Mafrateri, huyu kwetu si Kulwa. Huyu ni Opiyo."

Hivyo ndivyo maeneo ya dhahabu yalivyo. Geita, Nyarugusu, Katoro, Kahama: kwenye karasha moja unawakuta Msukuma, Mjaluo, Muha, Mkurya, Mhaya, na kila mmoja amekuja na namna yake ya kumwita mtoto. Wajaluo humwita pacha wa kwanza Opiyo, au Apiyo akiwa wa kike, kutokana na neno la kufanya haraka. Wa pili ni Odongo au Adongo, kutokana na neno la kubaki, kwa maana ya aliyebaki nyuma tumboni. Anayezaliwa baada yao ni Okelo au Akelo.

Baba akaongeza, sasa bila kucheka: "Aliyebaki ndiye ambaye hakubaki." Hatukuwa na la kusema.

Ukizunguka ziwa letu utaona kwamba watu wengi wameweka utaratibu kama huu. Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na mtoto anayewafuata ni Kizza. Wazazi nao hubadilishwa jina: baba anakuwa Ssalongo na mama Nnalongo, na hizo ni heshima ambazo mtu huitwa nazo maisha yake yote. Warundi wana Bukuru na Butoyi, yaani mkubwa na mdogo, na anayewafuata ni Ciza. Msomaji asikilize tena Kizza na Ciza. Mbali zaidi, kwa Wayoruba wa Nigeria, wa kwanza ni Taiwo na wa pili ni Kehinde, lakini wao wanasema Kehinde ndiye mkubwa: amemtuma mdogo wake atangulie kuionja dunia na kumletea habari. Esau angefurahi au angelia kusikia hivyo? Tunamwachia msomaji.

Kwa nini mapacha hasa? Majina mengine ya Kisukuma hutokana na tukio au wakati: Mabula hukumbusha mvua, Limi ni jua. Hayo mzazi anaweza kuyachagua au kuyaacha. Jina la pacha halikuachwa kwa hiari ya mzazi. Zamani kuzaliwa kwa mapacha kulipokewa kwa furaha iliyochanganyika na hofu, na ukoo ulifanya matambiko yake kwanza kabla ya maisha kuendelea kama kawaida. Kilichotokea kilionekana kupita kipimo cha binadamu. Hapo ndipo wakatoliki wa kwanza wa kanda hii walipopata shaka. Tangu Wamisionari wa Afrika walipofika Bukumbi mwaka 1883, wakatekumeni wengi walielewa kwamba kubatizwa ni kuacha tambiko, na kwamba jina lililofuatana na tambiko liachwe pamoja nalo. Katekista wetu ni mtoto wa wakatekumeni hao. Hakuwa mkali; alikuwa mwaminifu kwa alichofundishwa.

Lakini je, ndicho Kanisa lilichoagiza? Tulipofika seminarini tulitazama. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, iliwataka maparoko wahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Wakishindwa kuwashawishi wazazi, waongeze jina la mtakatifu kwenye lile lililochaguliwa na wazazi, na yote mawili yaandikwe katika kitabu cha ubatizo. Yote mawili. Yaani hata sheria ile ya zamani, ambayo wengi wanaiona ngumu, ilimpa Kulwa nafasi yake kwenye ukurasa. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inasema tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa hisia ya Kikristo. Jina linalomaanisha kwamba mtoto huyu alizaliwa pamoja na mwenzake linapinganaje na hisia ya Kikristo? Kama linapingana, inabidi tumwombe radhi Mtume.

Wanafalsafa wanasemaje

Sisi tunasoma falsafa, na msomaji atusamehe tukimpitisha huko kidogo, kwa sababu ndiko tulikopata msaada ambao hatukuutegemea.

Plato katika mazungumzo yake yaitwayo Kratilo aliwakutanisha watu wawili wanaobishana. Kratilo anasema kila kitu kina jina lake sahihi kwa asili. Hermogene anasema majina ni mapatano tu ya watu. Aristotle baadaye alisimama upande wa mapatano. Mwanafunzi wa Ulaya akisoma hapo anaona Aristotle ameshinda mapema. Msukuma anasitasita. Kulwa hajaitwa Kulwa kwa sababu wazazi walikaa na kupatana. Ameitwa hivyo kwa sababu ametoka wa kwanza. Hata hivyo ni watu waliopatana, zamani sana, kwamba anayetoka wa kwanza aitwe hivyo, na Wajaluo wakapatana vingine. Asili imetoa tukio na mapatano yametoa sauti.

Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alisema jina la mtu au la mahali linaonyesha tu bila kueleza. Mfano wake ni mji wa Dartmouth, ulioitwa hivyo kwa sababu uko kwenye mdomo wa mto Dart. Mchanga ukiuziba mdomo ule, au mto ukihama, mji utaendelea kuitwa Dartmouth. Kwa hiyo, anasema Mill, kuwa mdomoni mwa mto si sehemu ya maana ya jina.

Tuliposoma mfano huo mara ya kwanza tuliuona wa kijiografia tu. Sasa tunamwona yule mtoto. Mto umehama, Doto hayupo, na Kulwa bado anaitwa Kulwa. Mill ana haki kwa nusu: jina halikufa pale sababu yake ilipoondoka. Nusu nyingine hakuiona, kwamba wanaolisikia bado wanausikia mto. Katekista aliuliza "Doto yuko wapi" kabla hajamtazama mtoto usoni.

Mmarekani Saul Kripke, katika mihadhara aliyotoa Princeton mwaka 1970, alieleza kwamba jina hushikamana na mtu kwa tendo la mwanzo la kumwita, kisha hupokewa kutoka kinywa hadi kinywa. Tendo lile la mwanzo yeye mwenyewe analiita ubatizo, ingawa hakuwa anazungumzia sakramenti. Kwa hoja yake, mama alipotamka "Kulwa" kwenye zahanati kazi ilikuwa imekwisha. Sisi na kalenda yetu tulikuwa tumechelewa miezi minne.

Msaada mkubwa zaidi, hata hivyo, ulitoka kwa Tomaso mwingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 13, anapoeleza namna tunavyoweza kumtaja Mungu kwa majina, anaweka tofauti moja rahisi: kuna kile ambacho jina limechukuliwa kutoka kwake, na kuna kile ambacho jina limewekwa ili kukitaja. Mfano wake ni neno la Kilatini la jiwe, lapis, ambalo watu wa wakati wake waliamini limetokana na kuumiza mguu. Jina limetolewa kwenye kuumiza, lakini halikuwekwa kwa kila kinachoumiza mguu. (Wachimbaji wa Geita wangemwelewa bila mwalimu.)

Tofauti hii inamfaa mwenyewe. Hatusomi popote kwamba Tomaso wa Akwino alikuwa na pacha. Jina lake limechukuliwa kwenye upacha, likawekwa kumtaja mtu mmoja, mnene, mkimya, aliyezaliwa peke yake. Vivyo hivyo kina Tomaso wote tunaowafahamu: Tomás wa Kihispania, Tommaso wa Kiitalia, Thoma wa Wakristo wa Kerala huko India, ambao hapokeo lao linasema Mtume mwenyewe ndiye aliyewaletea Injili. Neno la mtaani la Kiaramu, ambalo mama yeyote wa Galilaya angeweza kulitumia kwa watoto wake, limekuwa jina la dini kwa sababu mtu mmoja aliyeitwa hivyo alimfuata Bwana. Halikuanza likiwa takatifu. Likiwa katika vinywa vya watu wa kwao lilikuwa jina la mila kama hili letu.

Kitabu cha ubatizo

Siku ile kigangoni hatukuwa na kanuni wala Summa mikononi. Tulimwambia mama tulichokuwa nacho: kwamba Tomaso maana yake ni pacha, na kwamba kama anataka jina la mtakatifu, hili halitamfukuza Kulwa, kwani linasema jambo lile lile kwa lugha ya Bwana Yesu. Aliinua uso. Akauliza, "Na huyo Tomaso, mwenzake alikuwa nani?"

Tulitazamana. Tumesoma Maandiko miaka mingi tangu seminari ndogo na hatujawahi kujiuliza swali hilo. Injili haisemi. Wakristo wa zamani wa Siria walimwita Yuda Tomaso, kwa kuwa Pacha peke yake lilikuwa kama jina la utani, na yakatokea maandishi yaliyodai kwamba alikuwa pacha wa Bwana mwenyewe, Kanisa halikuyapokea. Tulimwambia ukweli, "Mama, mwenzake hatajwi."

Akamshusha mtoto mgongoni, akampakata. "Basi na yeye ni kama huyu wangu," akasema.

Katekista aliondoka na mashaka yake, tukaenda naye kwa paroko siku ya Jumatatu. Paroko alisikiliza, akauliza kama baba amekubali, akaandika kwa mkono wake: Tomaso Kulwa, na jina la baba. Opiyo halikuandikwa. Baba alisema hilo atalitunza yeye, na kwamba bibi wa Rorya hatamwita mtoto jina jingine hata tukiandika kwa wino wa dhahabu.

Mama alikuwa na ombi la pili, na hili lilikuwa gumu. Alitaka Doto naye aandikwe. Doto hakubatizwa. Siku zile tatu pale zahanati hakuna aliyekumbuka kwamba katika hatari ya kufa mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanyalo Kanisa anaweza kubatiza kwa maji na maneno machache. Tunalisema hapa kwa ajili ya wazazi, wakunga na wauguzi wanaosoma gazeti hili. Kitabu cha ubatizo huandikwa waliobatizwa, na paroko hakuweza kuandika kisichotokea. Alimweleza mama kwamba Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, kama Katekisimu inavyofundisha katika namba ya 1261, na kwamba tunaruhusiwa kuwa na matumaini. Halafu akasema kitu ambacho hakimo katika Katekisimu. Aligeuza kitabu kuelekea kwa mama, akaweka kidole kwenye neno Kulwa: "Msukuma yeyote atakayesoma hapa, hata baada ya miaka mia, atauliza Doto yuko wapi."

Mama hajui kusoma vizuri. Alikitazama kidole muda mrefu. Jumapili iliyofuata nia ya Misa ilisomwa kwa ajili ya Doto, na yeye na mumewe walikaa benchi la mbele.

Mwezi uliopita katekista ametutumia ujumbe. Mama yule ni mjamzito. Kwake mtoto atakuwa Shija, kwa mumewe atakuwa Okelo au Akelo, na hilo halina mjadala tena. Katekista sasa anatuuliza sisi mafrateri, kwa kuwa ndio tuliolianzisha, ni mtakatifu gani ambaye jina lake lina maana ya aliyezaliwa baada ya mapacha. Bado tunatafuta. Msomaji anayemjua atuandikie.